Nyumba ya Mtaa wa 13: Historia ya Kituo Kimoja cha New York na Maswali Inayotuachia



Katika eneo la Greenwich Village, jijini New York, kulikuwa na nyumba mbili zilizotenganishwa na mwendo wa dakika chache kwa miguu. Ya kwanza ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Vinsenti, iliyoanzishwa mwaka 1849 na Masista wa Upendo. Ya pili ni shule kuukuu iliyopo namba 208, Mtaa wa 13 Magharibi, ambayo tangu mwaka 1983 imekuwa kituo cha jumuiya ya watu wanaovutiwa na wenzao wa jinsia moja. Katika miaka ya 1980 watu wengi walizifahamu nyumba zote mbili. Jioni walikaa mkutanoni katika shule ile kuukuu. Miezi michache baadaye walilazwa hospitalini, na wengi hawakutoka wakiwa hai.

Swali hili hutujia mara kwa mara, darasani na hata katika semina za parokiani: Kanisa lina neno gani kwa watu hawa? Mara nyingi jibu hutolewa kabla swali halijamalizika kuulizwa. Katika makala hii tumechagua njia nyingine. Tunaeleza historia ya nyumba moja: ilianzaje, kwa nini ilihitajika, Wakatoliki waliokuwa jirani nayo walifanya nini kwa wema na kwa ubaya, na jinsi yaliyoanzia humo yalivyofika hadi kwenye zahanati zetu wenyewe.

Neno kuhusu maneno, na kuhusu mafundisho

Pwani yetu, neno "shoga" kwa asili ni neno la upendo: mwanamke humwita hivyo rafiki yake wa kike. Leo limekuwa tusi la mitaani. Kwa sababu hiyo katika makala hii tunatumia maneno marefu kidogo, "watu wanaovutiwa na jinsia moja". Mchungaji huanza kumheshimu mtu kwa namna anavyomtaja.

Mafundisho ya Kanisa yanafahamika, nasi hatuyaweki kando. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2357 hadi 2359, inafundisha mambo matatu kwa pamoja. Matendo ya kujamiiana ya watu wa jinsia moja hayakubaliki kimaadili. Watu wenye mwelekeo huo wapokewe kwa heshima na huruma, na pasiwepo dalili yoyote ya ubaguzi usio wa haki dhidi yao. Nao, kama Wakristo wote, wameitwa kuishi usafi wa moyo. Anayeshika fundisho la kwanza na kulitupa la pili hajafundisha Katekisimu, amefundisha theluthi yake. Kituo tunachokieleza kilikuwa na mtazamo tofauti na wa Kanisa katika mambo kadhaa, na hatuandiki ili kuufunika ukweli huo. Lakini Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tuingie.

Kabla ya nyumba

Katika miaka ya 1950 na 1960, mtu wa New York aliyejulikana kuwa anavutiwa na jinsia moja aliweza kufukuzwa kazi na kunyimwa chumba cha kupanga. Baa iliyowahudumia watu kama yeye iliweza kunyang'anywa leseni, kwa hiyo baa nyingi walizokutania zilimilikiwa na wahalifu waliowatoza bei kubwa na kuwahonga polisi. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 1969 polisi waliivamia baa iitwayo Stonewall Inn, na wateja, kinyume cha desturi, walikataa kutawanyika. Vurugu ziliendelea kwa siku kadhaa. Tukio hilo ndilo linalokumbukwa zaidi, ila halikuwa la kwanza, na peke yake halikumpa mtu mahali pa kukaa.

Hitaji la mahali pa kukaa lilikuwa limeonekana mapema zaidi. Mwaka 1966, huko San Francisco, chama kimoja kilifungua kituo cha jumuiya ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa cha kwanza cha aina hiyo nchini Marekani. Mwaka 1971 kikafuata kituo cha Los Angeles, katika nyumba chakavu ya mbao, kikitoa huduma za afya, ushauri nasaha na malazi kwa vijana waliofukuzwa makwao. Mwaka huo huo wanaharakati wa New York walipanga jengo lililokuwa la zimamoto katika mtaa wa Wooster, wakalifanya mahali pa mikutano na dansi za Jumamosi. Tarehe 15 Oktoba 1974 jengo hilo lilichomwa moto kwa makusudi. Kwa takriban miaka tisa baada ya hapo vikundi vya New York vilikutana katika vyumba vya kuazima: sebule za watu, kumbi za makanisa machache yaliyokubali, na baa.

Msomaji wa kwetu anaweza kuuliza, kwa nini jambo la jengo liwe kubwa hivyo? Tufikirie Jumuiya zetu Ndogondogo za Kikristo. Zinaweza kusali chini ya mwembe au barazani kwa mtu, lakini hiyo ni kwa sababu nyuma yake ipo parokia, na nyuma ya kila mwanajumuiya upo ukoo. Mgonjwa hupelekewa uji, na maiti hupata wa kuichukua. Watu tunaowaeleza walikuwa wamepoteza parokia na ukoo kwa wakati mmoja. Kwao jengo lilisimama mahali pa vyote viwili.

Shule kuukuu

Jengo la Mtaa wa 13 lilikuwa shule tangu karne ya 19. Mwishoni lilikuwa shule ya sekondari ya ufundi iliyowafundisha vijana upishi na kazi za baharini. Shule ilipofungwa, jiji lilianza kukodisha vyumba vyake kwa vikundi mbalimbali, vikiwemo vya watu wanaovutiwa na jinsia moja. Kimojawapo kiliwahudumia wazee, yaani watu waliozeeka bila mtoto wala mjukuu wa kuwatazama. Ilipojulikana kwamba jiji lingependa kuliuza jengo, vikundi hivyo vilikusanyika na mwaka 1983 vikaunda chombo kimoja cha kulinunua. Desemba 1984 mamlaka za jiji ziliidhinisha mauzo kwa dola milioni 1.5.

Jengo lenyewe lilikuwa bovu na michango iliingia kidogo kidogo. Hata hivyo vyumba vilijaa mara moja. Kulikuwa na vikundi vya wanaojaribu kuacha pombe, vya wazazi, vya vijana na vya wanawake. Palikuwa na kwaya, wanasheria waliotoa ushauri, na baadaye maktaba na hifadhi ya nyaraka. Anayeisoma ratiba ya nyumba ile ataona kwamba sehemu kubwa yake ni mambo yale yale yanayobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa parokia yoyote: mkutano, mazoezi ya kwaya, wagonjwa wa kutembelewa, na harambee.

Ugonjwa unaingia

Nyumba ilifunguliwa wakati kifo kilikuwa kimekwisha kuingia mjini. Tarehe 5 Juni 1981 taarifa ya kitabibu ya serikali ya Marekani ilieleza habari za vijana watano wa Los Angeles wenye homa ya mapafu isiyo ya kawaida. Mwezi uliofuata magazeti yakaandika juu ya saratani adimu iliyowapata wanaume 41, wengi wao wa New York na California. Ugonjwa ulikuwa haujapata jina. Baadaye uliitwa AIDS, nasi tukauita UKIMWI.

Huku kwetu nako ulikuwa umekwisha kufika. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, ambako watu waliuita "Juliana", kwa jina la kitambaa kilichovuma sokoni wakati huo. Uganda waliuita "Silimu", kwa sababu ulimkondesha mtu. Kilichotokea katika nyumba nyingi za kwetu tunakikumbuka: mgonjwa kutengewa kikombe na sahani, na majirani kunong'ona msibani.

New York mambo yalikuwa hayo hayo. Wahudumu wengine wa hospitali waliacha sinia la chakula mlangoni kwa kuogopa kuingia. Kampuni za mazishi zilikataa kuchukua maiti. Wapo wazazi waliopata habari mbili kwa siku moja: kwamba mtoto wao anavutiwa na jinsia moja, na kwamba anakufa. Wengine walikuja kuuguza. Wengine hawakuja kabisa, na rafiki ndiye aliyemfumba marehemu macho. Tumezoea kusema damu ni nzito kuliko maji. Katika wodi zile mara nyingi maji yalionekana kuwa mazito kuliko damu.

Tarehe 10 Machi 1987 mwandishi Larry Kramer alialikwa kuzungumza katika ukumbi wa Mtaa wa 13. Aliwataka theluthi mbili ya waliokuwemo wasimame, kisha akawaambia kwamba hao waliosimama huenda wakawa wamekufa ndani ya miaka mitano. Akauliza kwa nini wanangoja. Siku mbili baadaye watu wapatao 300 walirudi katika nyumba ile ile wakaunda chama kilichoitwa ACT UP, chenye shabaha moja, yaani dawa zipatikane haraka na kwa bei inayolipika. Tangu hapo walikutana kila Jumatatu jioni. Aliyekosekana Jumatatu mbili mfululizo, wenzake walijua waende kumtafuta hospitali gani.

Majirani Wakatoliki

Mara nyingi hospitali hiyo ilikuwa ya Mtakatifu Vinsenti. Masista walikuwa wameianzisha wakati wa kipindupindu, nayo iliwapokea majeruhi wa ajali kubwa za jiji lile, wakiwemo manusura wa meli Titanic mwaka 1912. Mwaka 1984 ilifungua wodi ya wagonjwa wa UKIMWI, ya kwanza katika pwani ya mashariki ya Marekani. Haikuwa bila dosari, na wanaharakati waliwahi kuandamana hata mlangoni pake wakilalamikia namna walivyotendewa. Lakini wauguzi wake waliingia chumbani, wakawashika wagonjwa mkono na kuwaosha.

Mkesha wa Noeli mwaka 1985 Mama Teresa wa Kalkuta alifungua katika eneo hilo hilo nyumba ya wagonjwa wa UKIMWI iliyoitwa Zawadi ya Upendo. Miongoni mwa wa kwanza kupokewa walikuwa wafungwa watatu ambao yeye mwenyewe aliwaombea kwa viongozi waachiliwe ili wasifie gerezani. Kardinali John O'Connor, Askofu Mkuu wa New York, alikuwa na desturi ya kwenda usiku kuwatembelea wagonjwa hospitalini, kuwaosha na kumwaga vyombo vyao vya haja, bila waandishi wa habari. Padre Mychal Judge, Mfransisko, alianzisha utume kwa wagonjwa hawa. Inasimuliwa kwamba mgonjwa aliyemwona padre akageukia ukutani hakusemeshwa kwanza: Padre Judge aliikanda miguu yake kwa mafuta, na maneno yalikuja baadaye, kama yalikuja. Tarehe 11 Septemba 2001 alifariki akiwahudumia wazima moto katika majengo pacha ya New York, na maiti yake ndiyo ya kwanza kuandikishwa katika maafa yale. Baada ya kifo chake marafiki walieleza kwamba yeye mwenyewe alikuwa amewaambia kuwa anavutiwa na jinsia moja, na kwamba aliishi nadhiri zake.

Si Wakatoliki wote waliofungua mlango. Mwaka 1985 jimbo lilipotaka kutumia nyumba ya masista iliyokuwa tupu katika parokia moja ya Manhattan kuwahifadhi wagonjwa, wazazi wa watoto wa shule ya parokia walipinga kwa hofu ya kuambukizwa, na mpango ukaachwa. Hatuandiki haya ili kuwacheka. Kila mmoja wetu ajiulize jinsi halmashauri ya parokia yake ingepiga kura.

Ugomvi

Uhusiano kati ya jimbo na nyumba ya Mtaa wa 13 ulikuwa mgumu, na seminari isiyoufundisha ugumu huo haiwaandai wachungaji. Meya wa jiji alikuwa ametoa amri kwamba taasisi zinazopokea fedha za jiji zisimbague mtu kazini kwa mwelekeo wake. Jimbo Kuu liliipinga mahakamani, likisema serikali haiwezi kuziamulia taasisi za Kanisa namna ya kuajiri, na mwaka 1985 likashinda. Sheria ya jiji ya kukataza ubaguzi katika ajira na makazi ilipopita mwaka 1986, Kanisa lilikuwa upande wa wapingaji. Kwa viongozi wa Kanisa hilo lilikuwa suala la mafundisho na uhuru wa dini. Kwa mtu aliyefukuzwa chumba chake ilionekana tu kwamba Kanisa limesimama na mwenye nyumba.

Tarehe 1 Oktoba 1986 Idara ya Mafundisho ya Imani ilitoa barua kwa Maaskofu kuhusu uchungaji wa watu hawa. Barua hiyo ilieleza mafundisho kwa lugha nzito, na ikaagiza kwamba vyama vinavyopingana na mafundisho hayo visipewe nafasi katika majengo ya Kanisa. Kundi la Wakatoliki lililoitwa Dignity, ambalo kwa miaka kadhaa lilikuwa na Misa yake ya Jumamosi katika kanisa la Mtakatifu Fransisko Ksaveri, Manhattan, lilitolewa Machi 1987, mwezi ule ule ambao ACT UP ilizaliwa. Tukumbuke kwamba barua hiyo hiyo, namba 10, ilikemea vikali chuki na ukatili wa maneno na wa matendo dhidi ya watu hawa, na kuwataka wachungaji waukemee popote unapotokea. Sehemu ya kwanza ilitekelezwa upesi. Sehemu ya pili haikusikika sana mimbarini.

Tarehe 10 Desemba 1989 hasira ilipasuka. Maelfu ya waandamanaji wa ACT UP na wa kundi jingine lililotetea utoaji mimba walikusanyika nje ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrisi. Walipinga msimamo wa Kardinali O'Connor juu ya mipira ya kondomu, mafunzo ya kujikinga mashuleni, na utoaji mimba. Baadhi waliingia ndani wakati wa Misa, wakalala chini kwenye njia ya katikati, wengine wakapiga kelele. Mmoja alipokea Ekaristi Takatifu, akaivunja na kuidondosha sakafuni. Watu 111 walikamatwa.

Sisi tunaoiamini Ekaristi hatuwezi kulitaja tendo hilo bila uchungu. Lilikuwa kufuru, na hata ndani ya chama chenyewe wengi walilipinga. Ila ni vema kujua kwamba miongoni mwa waliokuwa wamelala sakafuni walikuwamo Wakatoliki waliobatizwa na kulelewa katika parokia za jiji hilo. Walikuwa watoto wa nyumbani waliokuja kugombana na nyumbani. Mtu asiye na nyumba hapo asingejisumbua.

Dawa zilizofika kwetu

Watu wa Jumatatu jioni hawakuishia kupiga kelele. Walijisomea. Mkemia mmoja mwanamke, Iris Long, mke wa mtu, ambaye hakuwa akivutiwa na jinsia moja, alifika kwenye mikutano akawafundisha jinsi dawa inavyofanyiwa majaribio na kuidhinishwa. Wafanyakazi wa maduka na wachoraji wakawa wataalamu wa kusoma taarifa za maabara. Dawa ya kwanza, AZT, iliidhinishwa Machi 1987 kwa gharama ya takriban dola 10,000 kwa mwaka. Oktoba 1988 zaidi ya watu elfu moja waliandamana kwenye makao ya mamlaka ya dawa karibu na Washington, wakidai taratibu zifupishwe kwa wagonjwa wasioweza kungoja. Daktari Anthony Fauci, mkuu wa utafiti wa serikali na mhitimu wa shule za Wajesuiti, alitukanwa nao hadharani. Badala ya kufunga mlango, aliwakaribisha mezani. Taratibu zilibadilika kweli, na hadi leo wagonjwa huwakilishwa katika kamati za utafiti. Mwaka 1996 mchanganyiko wa dawa tatu ulionyesha kwamba mtu anaweza kuishi. Kufikia mwisho wa mwaka 1995 zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamekwisha kufa Marekani.

Dawa ilikuwepo, ila haikuwa yetu. Gharama ya mwaka mmoja wa dawa kwa mgonjwa mmoja ilizidi kwa mbali mapato ya mwaka ya familia ya kijijini. Tarehe 10 Desemba 1998, kwenye ngazi za kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu George mjini Cape Town, Zackie Achmat na wenzake walianzisha kampeni ya kudai dawa, wakitumia mengi waliyojifunza kutoka ACT UP. Mwaka uliofuata wanaharakati wa Marekani waliwaandama viongozi wa nchi yao walioibana Afrika Kusini isinunue dawa nafuu. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Mwaka huo huo Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti na daktari aliyeanzisha makao ya watoto yatima ya Nyumbani jijini Nairobi mwaka 1992, alitangaza kwamba angeagiza dawa hizo kwa ajili ya watoto wake. Alikuwa amechoka kuzika watoto. Mwaka 2003 Marekani ilitangaza mfuko mkubwa wa matibabu, na mwaka 2004 Tanzania ikaanza kutoa dawa hizo bure.

Hatusemi kwamba nyumba ya Mtaa wa 13 peke yake ndiyo iliyoleta dawa. Wanasayansi, serikali, watawa wa hospitali zetu na wagonjwa wa Afrika wenyewe walifanya kazi kubwa. Lakini mama wa parokiani anayechukua vidonge vyake kila mwezi na kuwalea wajukuu wake anadaiwa shukrani na watu wasiojulikana kwake, walioamua katika ukumbi wa shule kuukuu kwamba hawatakufa kimya. Wengi wao hawakuishi kuiona dawa hiyo. Mwenye haki hukiri deni hata kama mdai wake anatofautiana naye.

Maswali yanayobaki

Hospitali ya Mtakatifu Vinsenti ilifungwa mwaka 2010 kwa madeni, na mbele ya pale ilipokuwa sasa pana bustani ya kumbukumbu ya waliofariki kwa UKIMWI. Nyumba ya Mtaa wa 13 bado iko wazi. Vijana wanaofukuzwa makwao bado wanakuja, na wengi wanatoka katika familia zinazosali.

Tunatambua mjadala uliofuata hati *Fiducia Supplicans* ya Desemba 2023 na jibu la Maaskofu wa Afrika la Januari 2024. Hatuurudii hapa. Tunatambua pia kwamba katika nchi zetu zipo sheria za adhabu, nyingi zikitokana na zile za wakoloni Waingereza, na kwamba Papa Fransisko, alipohojiwa Januari 2023, alisema kuwa na mwelekeo huo si jinai, huku akitofautisha jinai na dhambi. Swali letu ni dogo zaidi, na litamfikia kila frateri atakayekwenda mwaka wa kichungaji.

Siku moja, baada ya Misa ya asubuhi, mama atakusubiri nje ya sakristia. Atazungukazunguka, atakuuliza habari za wazazi wako. Mwishowe atasema kwamba mwanawe wa miaka kumi na saba amefukuzwa na baba yake kwa sababu ya "mambo yale", na hajui amelala wapi kwa siku tatu. Hatakuuliza tafsiri ya hati yoyote. Atakuuliza, "Baba, nifanye nini?"

Jibu la kwanza si hotuba, ni kumtafuta kijana. La pili ni kwenda kwa baba, ikiwezekana pamoja na mzee anayeheshimika wa jumuiya, na kumweleza kwamba hakuna fundisho lolote la Kanisa linalomruhusu mzazi kumtupa mtoto. Maaskofu wa Marekani mwaka 1997 waliwaandikia wazazi wa watoto wa namna hii barua ya kichungaji ambayo jina lake tu linatosha kuwa mahubiri: Daima Watoto Wetu. La tatu ni kulinda siri, kwa sababu kijijini siri ikitoka mtoto anaweza kupigwa. Mafundisho juu ya usafi wa moyo yana mahali pake, na kijana atayahitaji. Lakini hufundishwi ukiwa barabarani, unafundishwa ukiwa nyumbani.

Katika mfano wa Msamaria Mwema, kuhani na Mlawi walijua Torati kuliko Msamaria. Walichokosa ni hatua chache za kuvuka barabara. Yule majeruhi alipelekwa kwenye nyumba ya wageni, na Maandiko hayatuambii mwenye nyumba ile alikuwa mtu wa dini gani. Greenwich Village kulikuwa na nyumba ya aina hiyo katika Mtaa wa 13, na nyingine za masista mitaa ya jirani. Padre aliyekuwa tayari kuvuka barabara aliweza kufika kote huko kabla usiku haujaingia.

Kwetu hakuna Mtaa wa 13. Mtoto aliyefukuzwa atafika kwenye mlango wa parokia, au hatafika popote. Ndiyo maana tunawaomba ninyi mnaojiandaa kwa upadre, nanyi viongozi wa jumuiya, mwamue mapema, kabla mama yule hajaja, mlango huo utafunguliwaje.